Kebo ya Kupimia Gari Kuukuu: Kwa Nini Bei Iwe Swali la Mwisho

Mwenye Toyota 110 au Nissan Sunny mjini Nakuru anayetaka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari lake huanza na swali la bei, naye muuzaji humjibu kwa bei: kipo cha mamia ya shilingi, kipo cha elfu kadhaa, ipo mashine ya makumi ya maelfu. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo umegeuzwa. Kwa gari lililoundwa kabla ya mwaka 2008 hivi, la kwanza la kuuliza ni lugha gani gari lenyewe linazungumza. La pili ni mwenye gari anataka kujua nini. Bei hufuata baadaye. Mtu akiyajibu maswali hayo mawili sawasawa, mara nyingi ataishia kununua kebo ya bei ndogo, na pengine asinunue chochote. Akiyaruka, hata mashine ghali itamwachia gari na ugonjwa wake uleule, pamoja na sensa mbili mpya ambazo halikuzihitaji.

Mzizi wa jambo uko katika njia ambayo magari hutufikia. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 cha mwaka 2000 hakiruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likishapita umri wa miaka 8, na usukani wake sharti uwe upande wa kulia. Ndiyo sababu magari yetu mengi ya mitumba hutoka Japani. Na hayo si magari ambayo Japani iliyaunda kwa ajili ya Marekani au Ulaya, bali yale yaliyouzwa na kuendeshwa hukohuko Japani. Tofauti hiyo huonekana ndogo hadi mtu ashike kebo mkononi. Marekani iliyalazimisha magari madogo yote mapya kuwa na OBD-II, mfumo sanifu wa gari kujichunguza, kuanzia modeli za 1996. Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli miaka michache baadaye. Sheria hizo hazikuihusu Corolla iliyouzwa Nagoya. Watengenezaji wa Japani waliiweka chini ya dashibodi soketi ileile ya pini 16, lakini kompyuta iliyo nyuma yake wakaiacha iendelee kuzungumza kwa namna ya kampuni. Mnunuzi wa Nakuru anaona umbo la soketi, anasoma kwenye pakiti kwamba kifaa kinafaa magari yote ya baada ya 1996, analipa, anachomeka, na simu inamwandikia kwamba haikuweza kuunganishwa. Anahitimisha kuwa kifaa kimekufa au gari limeharibika, hali huenda vyote viwili ni vizima.

Namna hizo za kuzungumza, ambazo wataalamu huziita itifaki, si nyingi kiasi cha kumtisha mtu. Magari mapya hutumia CAN, inayopita katika pini ya 6 na ya 14, kwa kasi ambayo kwa kawaida ni biti 500,000 kwa sekunde. Yale ya zamani ya Japani na Ulaya hutumia waya mmoja uitwao K-line, katika pini ya 7, na kasi yake ni ya kobe ukiilinganisha na CAN: biti 10,400 kwa sekunde katika viwango vya kimataifa vya ISO 9141-2 na ISO 14230, lakini 9,600 katika Toyota nyingi za soko la Japani, 4,800 katika Subaru, na 15,625 katika Mitsubishi. Nissan nyingi za miaka ya 90 hazina hata soketi ya pini 16. Zina ya kijivu yenye pini 14, ya mfumo wa kampuni uitwao Consult. Mercedes za kizazi hicho zina soketi ya duara ya pini 38 chini ya boneti, na BMW ya duara ya pini 20. Hakuna pakiti inayoeleza haya, ila gari lenyewe hueleza. Mtu achuchumae kando ya kiti cha dereva na kumulika soketi kwa tochi ya simu. Upande mpana ukiwa juu, pini huhesabiwa kutoka kushoto, 1 hadi 8 safu ya juu na 9 hadi 16 safu ya chini. Chuma kikionekana katika tundu la 6 na la 14, karibu kila kifaa cha bei ndogo kitafanya kazi kwenye injini. Matundu hayo yakiwa matupu na la 7 likiwa na chuma, hilo ni gari la K-line, na hapo ndipo uchaguzi wenyewe unapoanza. Ukaguzi huu hauna gharama, na una thamani kuliko maelezo yote ya dukani.

Kifaa kinachouzwa zaidi kwa bei ya chini ni kile kidogo cha Bluetooth chenye maandishi ELM327. Jina hilo lilikuwa la chipu ya Elm Electronics, kampuni ndogo ya Kanada, ambayo toleo lake la kwanza halikulindwa dhidi ya kunakiliwa. Nakala zikaenea duniani. Nyingi hujitangaza kuwa toleo la 1.5, toleo ambalo Elm yenyewe haikulitoa, na nyingine hujiita 2.1 huku zikiwa zimepunguzwa amri kadhaa za asili. Kwa gari la CAN upungufu huo hauumizi sana. Kwa gari la K-line unaumiza, kwa sababu baadhi ya nakala hushindwa kuanzisha mazungumzo ya polepole ambayo ISO 9141-2 inayadai, na nyingine hazizielewi amri za kubadilisha kasi kuwa 9,600, ambazo Toyota ya Japani inazihitaji kabla haijajibu. Zipo programu za bure za simu zinazoikagua nakala na kuonyesha ni amri zipi inazijua. Mnunuzi aitumie mojawapo palepale kaunta. Torque, programu ya Android inayojulikana sana, ina nafasi katika wasifu wa gari ya kuandika amri hizo za mwanzo, na Toyota kadhaa zinazodhaniwa kuwa bubu husema pindi zinapoandikiwa. Mwenye iPhone ajue pia kwamba Bluetooth ya aina ya kale haitamfaa kwa kazi hii. Atafute kifaa cha Wi-Fi au cha Bluetooth yenye nguvu ndogo.

Mimi huona kwamba kwa gari la K-line kebo ya USB inayochomekwa kwenye kompyuta ndiyo chaguo bora, ingawa haina mvuto. Ndani yake hamna ujanja mwingi: kuna chipu inayogeuza USB kuwa mawasiliano ya mfululizo, na saketi ndogo inayolinganisha volti na K-line. Itifaki yenyewe hushughulikiwa na programu, kwa hiyo kebo moja ya aina hiyo inaweza kuisoma Volkswagen ya zamani kwa programu moja na Subaru kwa nyingine, mradi programu iwepo. Kwa Toyota, kebo iitwayo Mini VCI hufanya kazi na Techstream, programu ya kampuni yenyewe, na hufika mahali ambapo kifaa cha jumla hakifiki: giaboksi, ABS, eabegi. Udhaifu wa kebo hizi uko kwenye chipu. Nyingi hutumia FT232R ya kampuni ya FTDI au nakala zake bandia, na mwaka 2014 FTDI ilitoa kiendeshi, kilichosambazwa kupitia masasisho ya Windows, ambacho kilifuta namba ya utambulisho ya chipu bandia hadi kompyuta isizitambue tena. Malalamiko yakawa makubwa na kampuni ikakiondoa, lakini funzo kwa mnunuzi lingali palepale: kebo inayojidai kuwa na chipu asilia kwa bei isiyoweza kuinunua chipu hiyo ni ya kushukiwa. Ile inayokiri kutumia CH340, chipu ya bei rahisi isiyojificha, mara nyingi hutulia zaidi, ingawa ipo programu inayoikataa. Kuhusu programu zilizovunjwa kufuli ambazo huja katika diski pamoja na kebo, nasema wazi kwamba ni hatari. Kompyuta inayotumika kwa M-Pesa ya biashara au barua za ofisi isiwekewe vitu hivyo. Afadhali kipakatalishi kikuukuu kisichounganishwa na mtandao, na afadhali zaidi programu za bure zilizoandikwa na wapenzi wa magari hayo, kama FreeSSM ya Subaru.

Hapa hujitokeza pingamizi zito kuliko yote: ya nini mwenye gari ajisumbue, wakati fundi wa jua kali ana mashine ya kampuni kama Launch au Autel na atampima kwa ada ya kawaida? Pingamizi hilo lina ukweli. Mashine hiyo inajua itifaki nyingi, na fundi mzuri ana sikio ambalo kebo haina. Shida si fundi, shida ni kipimo chenyewe kinavyofanywa. Mashine huchomekwa gari likiwa limesimama, misimbo ya hitilafu husomwa, jina la sensa huonekana, na sensa hiyo hununuliwa. Lakini msimbo hausemi kipuri gani kimekufa. Unasema kompyuta imeona nini kisicho cha kawaida. P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kupita kiasi kwa petroli iliyopo, na chanzo kinaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, chujio la petroli lililoziba, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Ni matatizo matatu yenye bei tatu zilizo mbali sana. Kinachoyatenganisha ni takwimu hai, zile tarakimu zinazobadilika injini ikifanya kazi. Marekebisho ya petroli yanayofanywa na kompyuta yakiwa juu injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta na kushuka mwendo wa injini ukipanda hadi 2,500 kwa dakika, hewa inavuja mahali. Yakipanda kadiri gari linavyobeba mzigo, petroli haifiki ya kutosha au sensa ya hewa inaihesabu hewa chini ya ilivyo. Kwa gari linaloshinda kwenye barabara za vumbi za Rongai, Njoro au Subukia, hilo la mwisho ni la kushukiwa mapema, na kuisafisha sensa kwa dawa yake ni nafuu mno kuliko kununua nyingine. Takwimu hizi haziwezi kusomwa zote gari likiwa limeegeshwa gereji kwa dakika kumi. Zinataka mlima, mzigo, asubuhi ya baridi. Zinamtaka mtu anayeishi na gari hilo.

Na katika Bonde la Ufa la kati zinataka pia kusomwa kwa kuzingatia kimo cha nchi, jambo ambalo mwongozo uliochapishwa Japani haulitaji. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapo ni karibu kilopaskali 81, wakati Mombasa ni 101. Timboroa, juu ya mita 2,700, hushuka hadi 73 hivi. Corolla na Starlet nyingi za miaka ya 90, pamoja na Honda, hupima hewa kwa sensa ya mgandamizo, na swichi ikiwashwa bila injini kuwaka sensa hiyo yapaswa kuonyesha mgandamizo wa mahali gari lilipo. Asomaye 81 Nakuru na kuona kitabu kimeandika 100 anaweza kuihukumu sensa nzima kabisa, akanunua ya mtumba iliyo mbovu. Kumbe inayosoma 100 mjini Nakuru ndiyo ya kutupa. Kwa hesabu hiyohiyo, injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu zake Nakuru, na zaidi ya robo Timboroa. Gari linalochoka kupanda kuelekea Mau Summit halina budi kuchunguzwa, lakini sehemu ya uchovu huo ni hewa, si ugonjwa, na hakuna plagi wala koili itakayouponya.

Joto la maji ni ushahidi wenye uzito zaidi. Maji matupu mjini Nakuru huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta kilicho kizima huyazuia yasichemke hadi zaidi ya nyuzi 110, kilichochoka huyaachia. Mshale wa dashibodi katika magari mengi umetengenezwa utulie katikati kwa masafa mapana ya joto, hivyo rejeta inaweza kuwa inatokota ilhali dereva anaona kila kitu shwari. Tarakimu ya kebo haitulii namna hiyo: 88, 92, 95, na mtu ana muda wa kuegesha kando. Kinyume chake ni kibaya vilevile na kimeenea zaidi. Desturi ya kung'oa themostati ili gari lisichemke imekaa sana katika gereji zetu. Katika baridi ya Molo na Elburgon, injini isiyo na themostati huzunguka ikiwa na maji ya nyuzi 60 na kitu, kompyuta huamini kwamba bado inapashwa moto, na huzidi kumimina petroli. Gari linakunywa, plagi zinakuwa nyeusi, oili inachafuka, na katika gari la zamani taa ya injini haiwaki kamwe, kwa kuwa kompyuta yake haikufundishwa kulitilia shaka jambo hilo. Misimbo: hakuna. Mashine ya gereji: hakuna hitilafu. Kebo ya bei ndogo na tarakimu moja ya joto, baada ya kilomita ishirini za barabara, humaliza ubishi. Ikiwa kuna hoja moja inayohalalisha mwenye gari kuwa na kebo yake mwenyewe, basi ni hii.

Wapo watakaosema kwamba kwa Toyota ya miaka ya 90 yote haya ni makubwa mno, kwani gari hilo lilitengenezwa lisomwe kwa kipande cha waya. Nakubaliana nao kwa nusu. Kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti kina matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Yakiunganishwa na swichi kuwashwa, taa ya injini humeta namba za tarakimu mbili: 21 kwa sensa ya oksijeni, 22 kwa sensa ya joto la maji, 31 kwa kipimo cha hewa, 41 kwa sensa ya mkao wa kiingiza hewa. Katika soketi ya pini 16 ya Toyota kadhaa za baadaye, pini ya 13 na ya 4 hufanya kazi hiyo. Honda nazo zina plagi yao ndogo ya nyaya mbili. Asiyehitaji zaidi ya misimbo asinunue kebo yoyote. Lakini waya hauonyeshi nyuzi 63 za maji wala kilopaskali 81, na waya uliounganishwa tundu lisilo lake unaweza kuchoma fyuzi, au kompyuta yenyewe. Vilevile, mwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ asishawishiwe na mtu: pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, na hakuna kompyuta ya injini ya kuisoma.

Kuna pia mpaka ambao kifaa cha jumla hakiuvuki, na muuzaji huunyamazia. Kiwango cha OBD-II kilizaliwa kwa ajili ya moshi, si usalama. Kinahusu injini na vinavyoathiri hewa itokayo kwenye ekzosi. Taa ya ABS ikiwaka katika Noah inayoteremka kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa, kile kidude cha Bluetooth kitasema hakuna hitilafu, na kitakuwa kimesema kweli kuhusu kitu ambacho hakikuulizwa. Dereva asiyejua mpaka huo anaweza kuondoka na utulivu asioustahili kwenye mteremko mrefu. Hapo ama anunue kebo inayofuata programu ya mtengenezaji, ama aende kwa fundi mwenye mashine kamili, na ada atakayolipa siku hiyo itakuwa imetumika vizuri. Simpingi fundi kamwe. Ninachopinga ni kumpelekea gari bila taarifa. Mwenye gari anayefika gereji na karatasi iliyoandikwa joto la maji mlimani, marekebisho ya petroli gari likiwa limesimama na likiwa na mzigo, na volti za betri injini ikiwaka, ambazo kwa kawaida huwa kati ya 13.5 na 14.5, anampa fundi kitu ambacho mashine ya gereji isingempa.

Anayetafuta kebo kwa ajili ya lori ashike tahadhari ya pekee. Canter na Isuzu nyingi zinazopita Nakuru kwenda magharibi hutumia umeme wa volti 24, wakati kebo za bei ndogo zimetengenezwa kwa 12. Soketi inaweza kufanana na kebo ikaingia bila kusukumwa, na saketi yake ikaungua kabla kompyuta haijawaka. Hata kwenye gari dogo, kifaa kisichowasha taa yake kikichomekwa hakijathibitika kuwa kibovu: pini ya 16 hupata umeme kupitia fyuzi, na fyuzi hiyo katika magari kuukuu huwa imeungua siku nyingi bila mwenyewe kujua. Ikaguliwe kwanza. Kisha gari lisogezwe hadi mlangoni mwa duka, kifaa kichomekwe, joto la maji lisomwe injini ikipashwa moto hadi feni iwake na kuzima, na hapo ndipo pesa zitoke mfukoni.